Mpingo hauimbi, hewa ndo inaimba: uzi wa ala za nyuzi na za kupuliza

#1 Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Nafundisha fizikia sekondari huku Lindi na jioni napuliza klarineti kwenye kwaya, kwa hiyo huu ubishi nimeubeba muda mrefu na leo nautua hapa.

Jumamosi tulikua kijiweni kwa fundi seremala, stori zikaangukia kwenye mpingo, mzee mmoja akasema klarineti inalia vile kwa sababu mpingo una sauti yake ndani, mti mwingine hauwezi. Wote wakaitikia. Mimi nikasema samahani mzee wangu, kwenye klarineti mti hauimbi, kinachoimba ni hewa iliyomo ndani ya tundu. Basi nilizomewa mpaka chai ikapoa. Alafu nilipoongeza kwamba kwenye gitaa mzee yuko sahihi, kule mbao ndo inaimba, wakaona nimechanganyikiwa kabisa.

Naanza na gitaa maana ndo wengi tunalo. Chukua uzi wa gitaa, ufunge kwenye misumari miwili iliyopigwa ukutani kwenye zege, uvute ukaze, alafu upige. Utasikia kitu kama mbu. Uzi ule ni mwembamba, unapokwenda huku na huku hewa inaupisha pembeni tu, inazunguka upande wa pili, hakuna inachosukumwa. Ni kama kupepea moto kwa kijiti badala ya ungo. Sasa uzi uleule uweke kwenye gitaa, unasikika mpaka kwa jirani. Uzi unatikisa daraja, daraja linatikisa ule ubao wa mbele, na ubao una eneo la kutosha kuishika hewa na kuisukuma. Simu yako ikiwa vibresheni juu ya mto huisikii, iweke juu ya kabati la mbao nyumba nzima mnaamka. Mtikisiko ni uleule, kilichobadilika ni nani anausukumia hewani.

Ndo maana kwenye gitaa na udi ubao wa mbele unatafutwa mwepesi lakini mgumu. Wazungu wanatumia sprusi, ndugu wa misonobari, wanaupiga randa mpaka unabaki milimita mbili na ushee. Ukiufanya mnene uzi hauuwezi, ukiufanya mwembamba kupita kiasi nyuzi zinaukunja, maana nyuzi sita za chuma kwa pamoja zinavuta kwa uzito wa kama kilo 70, yaani ni sawa na mtu mzima kaning'inia kwenye daraja la gitaa lako saa 24. Mimi nikilifikiria hilo huwa nalishika gitaa kwa adabu.

Lile tundu la mbele nalo wengi wanadhani ni mlango wa sauti kutokea. Fanyeni hivi: sogeza mdomo karibu na tundu, imba “uuuu” ukianzia chini ukipanda polepole. Kuna sehemu utasikia gitaa zima linakuitikia kifuani. Kwa gitaa la kawaida hapo ni karibu na 100 Hz, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, hewa ya ndani ya boksi inaingia na kutoka tunduni kama springi, sawasawa na ukipuliza mdomo wa chupa ya soda. Ndo inayobeba zile noti za chini ambazo ubao peke yake ungezishindwa.

Naendelea na za kupuliza, ngojeni ninawe.

#2 Mdau, mpiga besi

Mkuu kabla hujaenda kwenye filimbi, nina swali la siku nyingi. Nyuzi zote za gitaa zina urefu mmoja, kwa nini sauti zinapishana hivyo? na kwa nini ule wa juu kabisa uko mnene na umeviringishiwa waya?

#3 Mleta mada

Swali zuri sana mkuu. Kuna padri mmoja wa Ufaransa anaitwa Marin Mersenne alilimaliza hili mwaka 1636. Sauti ya uzi inategemea vitu vitatu. Urefu: ukiugawa nusu frikwensi inakua mara mbili, ndo maana freti ya 12 iko katikati kabisa, kwenye gitaa la uzi wa sentimita 65 iko sentimita 32.5 toka juu. Mvuto: kutaka frikwensi mara mbili inabidi uvute mara nne, sio mara mbili, hapa ndo wengi wanakata nyuzi wakitafuta kupandisha. Na uzito wa uzi: uzi mzito mara nne unashuka nusu.

Sasa E ya chini ni 82 Hz na E ya juu ni 330, zimepishana mara nne. Kama urefu ni mmoja na unataka mvuto ulingane ili mikono isipate tabu na shingo isipinde, basi uzi wa E ya chini lazima uwe mzito mara 16. Ukitumia waya mtupu wa unene huo unakua kama nondo, haupindi vizuri, na overtoni zake, zile sauti za juu zinazoambatana na noti, zinapanda juu kuliko zinavyotakiwa. Kwa hiyo wanachukua waya mwembamba katikati wanauviringishia mwingine kwa nje, uzito unaongezeka ulaini unabaki.

Alafu jaribu kupiga uzi uleule sehemu tofauti. Karibu na daraja inatoka kali ya bati, juu ya tundu inatoka nene. Uzi haupigi noti moja, unacheza mzima, na papo hapo unacheza kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, zote kwa pamoja. Ukiupiga katikati kabisa zile zinazotaka pawe pametulia hapo katikati, yaani ya pili na ya nne na ya sita, hazipati chochote, kwa hiyo sauti inakua ya mviringo, ya shimo hivi. Kumbukeni hiyo sauti ya shimo, tutakutana nayo kwenye klarineti.

#4 Mleta mada

Haya, za kupuliza. Nilienda duka la vifaa vya umeme nikanunua lile bomba la PVC la kupitishia waya, la milimita 20, rahisi tu. Nikakata vipande viwili, kimoja sentimita 66 nikakiacha wazi pande zote, kingine sentimita 33 nikakiziba upande mmoja. Kipi kinatoa sauti ya chini zaidi?

Kidato cha tatu wote walisema kile kirefu. Zinatoka sawa. Zote karibu 260 Hz, ile C ya katikati ya kinanda.

Hesabu yake: kasi ya sauti kwa joto letu la nyuzi 30 ni kama mita 349 kwa sekunde. Bomba lililo wazi pande zote, wimbi linakwenda mpaka mwisho na kurudi ndo duru moja inakamilika, kwa hiyo unagawa kasi kwa urefu mara mbili. Lililozibwa upande mmoja wimbi linabidi liende na kurudi mara mbili ndo litimie, kwa hiyo unagawa kwa urefu mara nne. Na kuna kitu kidogo cha kuongeza, wimbi haligeuki pale pale ukingoni, linachungulia nje kidogo, kama 0.6 ya nusu kipenyo kwa kila mdomo ulio wazi. Kwa bomba langu ni kama milimita 5. Weka 33.5 kwenye hesabu uone inavyokaa.

Mnaona wenyewe, sijataja PVC popote kwenye hiyo hesabu. Bomba kazi yake ni kuiwekea hewa mpaka, linalocheza ni ule mkonga wa hewa.

Filimbi ya kizungu ni ile 66 yangu, na nay ya kwenye taarab, ule mwanzi unaopulizwa ukingoni, nayo iko wazi pande zote. Klarineti ina urefu wa karibu vilevile, sentimita 66 hivi, lakini noti yake ya chini kabisa ni 147 Hz, chini sana kuliko filimbi. Sababu ile ridi ya mdomoni, kile kipande chembamba kinachotikisika ukipuliza, inafanya upande ule uhesabike umezibwa. Na bomba lililozibwa upande mmoja linakubali mara 1, mara 3, mara 5 peke yake, zile za shufwa zinakua dhaifu sana kule chini. Ndo ile sauti ya shimo. Uzi uliopigwa katikati na klarineti ya chini zimepungukiwa kitu kilekile.

#5 Mdau wa Kilwa

Mleta mada nimekusoma vizuri lakini kuna sehemu umenigusa. Mimi nimezaliwa kijiji cha mpingo. Babu zetu wameulinda, na mwaka 2009 misitu ya vijiji huku kwetu ilipata cheti cha FSC, kile cha misitu inayovunwa kwa utaratibu, watu wanatoka Ulaya kuja kununua mpingo huu huu kwa ajili ya klarineti na oboe. Leo unatuambia bomba la waya wa umeme ni sawa tu? Kwa hiyo hao wanaotoa hela zote hizo ni wajinga?

#6 Mleta mada

Hapana ndugu yangu, na nashukuru umeuliza wewe wa huko maana sipendi nieleweke vibaya kwa hili.

Watu wamelipima. Mwaka 1964 mwanafizikia John Backus wa Marekani alipima mtikisiko wa kuta za klarineti, akakuta sauti inayotoka kwenye kuta ni ndogo mno ukilinganisha na inayotoka kwenye hewa. Mwaka 1971 John Coltman akatengeneza filimbi tatu zisizo na vitufe, ndani zinalingana vipimo kabisa, moja ya fedha nyembamba, moja ya shaba nzito, moja ya mbao. Akawapulizia watu bila wao kuziona, hawakuweza kuzitofautisha. Hata wapulizaji wenyewe walipofanyiwa wasijue wameshika ipi, walishindwa.

Lakini sikiliza sasa, maana hapa ndo mpingo unapoingia. Hewa inaimba kwa kufuata umbo la tundu. Umbo likibadilika hata kidogo, noti zinahama. Klarineti za zamani walichonga kwa mbao nyingine za njano, zikipata mate na unyevu zinavimba na kujikunja, ulichotoboa asubuhi sio ulichonacho jioni. Mpingo ni mzito mpaka unazama majini, una mafuta yake, maji hayauingii hovyo. Ukiutoboa kitobo kinabaki na ukingo mkali kama umekata chuma, ndani ukiung'arisha unang'aa kama kioo, na ukuta laini usio na vinyweleo hauibi nguvu ya wimbi. Ukuta wenye vinyweleo unakula sauti, noti inakua nzito kutoka na inachoka haraka. Huo mti unakaa miaka 70 na zaidi porini kabla ya kukatwa, na unalipiwa kwa sababu ndo unaoishikilia hewa bila kuyumba.

Kampuni ya Buffet Crampon wana klarineti wanazoziita Green Line, wanachukua unga wa mpingo, ule unaobaki kwenye kuchonga, wanauchanganya na nyuzi za kaboni na gundi wanaukandamiza, wanatoboa humo. Haupasuki. Na watu wanapigia okestra kubwa. Kama ingekua siri iko kwenye mshipa wa mti, unga usingefaa.

#7 Mdau wa Mombasa

Shukran ndugu yangu kwa darsa hili. Ila nina jambo. Sisi huku pwani twapiga nzumari, na nzumari nayo ina ridi, tena ridi mbili zilizoshikana, mdomo wote waingia ndani. Kwa maneno yako imezibwa upande mmoja. Basi mbona nikikaza pumzi sauti yaruka oktavu, kama filimbi? Rafiki yangu mwenye klarineti akikaza yaruka mbali zaidi.

#8 Mleta mada

Maalim hapo umenishika pazuri sana, hili swali nimeshawahi kuulizwa nikashindwa kujibu darasani siku hiyo.

Tofauti iko kwenye umbo. Tundu la klarineti ni la bomba, upana uleule karibu mpaka chini. Tundu la nzumari ni la koni, linaanza jembamba kwenye ridi linaendelea kutanuka mpaka mdomo wa chini. Ndani ya koni wimbi linapungua nguvu kadri linavyotanuka kwenda mdomoni, na linakolea likirudi kwenye ncha, na ukifanya hesabu yake kwa umbo hilo inatoka sawa na bomba lililo WAZI pande zote la urefu huohuo. Mara 1, 2, 3, 4, zote zipo. Kwa hiyo ukikaza unaruka kwenda mara 2, ndo oktavu. Rafiki yako bomba lake halina mara 2, anaruka moja kwa moja kwenda mara 3, ambayo ni oktavu na tano juu yake, nusu-toni 19. Ndo maana klarineti ina vitufe vingi vile, inabidi ijaze noti 19 kabla ya kuruka, filimbi inajaza 12 tu. Oboe na saksafoni ni koni pia, kwa hiyo nzumari ni ndugu yao. Saksafoni ina ridi moja kama klarineti na mwili wa shaba, lakini kwa kuruka iko upande wako maalim.

Na siwa, yale mabaragumu makubwa, ile ya Lamu ya shaba na ile ya Pate ya pembe za ndovu, ni hivyohivyo, koni ndefu, ila pale ridi ni midomo ya mpulizaji mwenyewe. Haina kitufe wala kitobo cha vidole, kwa hiyo una zile noti chache tu ambazo hewa yenyewe inazikubali. Tarumbeta bila kubonyeza valvu ni hivyo, ukibonyeza unaongeza kipande cha bomba na ngazi nzima inashuka.

#9 Mdau wa Dodoma

Mkuu hapo kwenye ngazi umenikumbusha. Sisi Wagogo tukiimba na zeze, mtu wa kinanda akija kutufuatisha kuna noti hazikai kabisa, anatuambia tunaimba “flati”. Tunajisikia vibaya lakini masikioni kwetu yeye ndo kakosea.

#10 Mleta mada

Hamjakosea. Mwambie nimesema mimi, na nitamwekea namba.

Hizo hamoniki nilizokua naeleza, mara 1, 2, 3, ni za asili, uzi na bomba vinazitoa vyenyewe. Wataalamu wa muziki wa Afrika, kina Gerhard Kubik, wameonesha kwamba ngazi ya Wagogo imejengwa juu ya hamoniki za asili, kuanzia ya 4 mpaka ya 9 hivi. Tuseme sauti ya msingi ni 100 Hz. Ngazi yenu ni 400, 500, 600, 700, 800, 900. Sasa kinanda kimegawa oktavu vipande 12 vinavyolingana, kwa hiyo akianza na 400 yake, noti za karibu alizonazo ni 504, 599, 713, 800, 898. Angalia 599 kwa 600 hakuna mtu atasikia. Lakini 504 kwa 500, na hasa 713 kwa 700, hiyo ni karibu theluthi ya nusu-toni, lazima masikio yagombane. Kinanda kilikubali kupotoka kidogo kila mahali ili kiweze kuanza noti yoyote. Zeze la kibuyu na koo za watu haziitaji hayo makubaliano. Sikilizeni rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mwimbaji wa Kigogo, alivyokua akiachia sauti ya juu ile hamoniki ya saba inakaa chini kidogo ya kinanda na inatulia kama imemwagwa. Nisingependa kabisa mtoto wa Kigogo aambiwe arekebishe hiyo.

#11 Mdau, mpiga besi

Nimerudi na la mwisho mkuu. Jumapili tulipiga harusi ya nje saa saba mchana, mpaka nyimbo ya tatu mimi na gitaa la solo tumeshuka, jamaa wa filimbi kapanda, fundi mitambo akatulaumu wote hatujui kutuni.

#12 Mleta mada

Hakuna aliyekosea hapo, ni jua. Chuma kikipata joto kinarefuka, mvuto unalegea, nyuzi zenu zinashuka. Hewa ikipata joto sauti inakimbia zaidi, kila nyuzi moja ya joto inaongeza kama mita 0.6 kwa sekunde, kwa hiyo filimbi inapanda, kama senti 3 kwa kila nyuzi joto, ukizingatia nusu-toni moja ni senti 100. Mkitoka chumba chenye AC ya 20 mkaenda kwenye 32 ya nje, kwa hesabu ya hewa tupu ni senti 36. Mnaachana kila mmoja na njia yake. Tunini mkiwa palepale mtakapopigia, baada ya kukaa robo saa, na filimbi ipulizwe kwanza ipate joto. Filimbi inavutwa kile kichwa kidogo nje, bomba linarefuka, inarudi chini.

#13 Mdau wa Kilwa

Mkuu nimekata lile bomba leo. Sentimita 33, nikaziba kwa kizibo cha mbao upande mmoja, nikaweka programu ya kutunia kwenye simu. Inasoma 275 sio 260 yako. Nikipuliza kwa nguvu inaruka 820 na kitu.

#14 Mleta mada

Safi sana, 820 kwa 275 ni mara 3, umeisikia mwenyewe klarineti inavyoruka. Hiyo 275 inaniambia hewa yako haina sentimita 33, ina kama 31. Hicho kizibo kimeingia ndani kiasi gani? Chomeka kijiti kwa ndani upime.

#15 Mdau wa Kilwa

Kijiti kimegota 31 na robo. Dah.

Sasa fundi mmoja hapa ana mashine ya kukerezea, nina kipande cha mpingo sentimita 20, kesho namwambia anitobolee cha 15 kwa kipenyo kilekile cha PVC, na PVC nakata 15.

#16 Mleta mada

Fanya hivyo ndugu yangu. Upime kina kwa kijiti vyote viwili, kipenyo kilingane, na ukingo wa mdomo upige msasa ufanane maana hapo ndo hewa inapokatika. Alafu mwite mzee yeyote anayejua mpingo, akupe mgongo, upulize kimoja kimoja mara kumi ukichanganya, yeye aseme kipi ni kipi. Uje utuandikie amepata ngapi, iwe nyingi au chache.